Kundi la shule lenye vyombo visivyolingana: mnawaandikiaje noti?

MwalimuLangoni (Lamu)

Asalaam alaikum, na hamjambo walimu wenzangu.

Nafundisha muziki shule ya kutwa hapa kisiwani, na nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba shida yangu si watoto. Shida yangu ni karatasi. Kundi nililo nalo ni hili: rekoda 11 (zile filimbi za plastiki tulizojaa nazo tangu mtaala mpya uingie), tarumbeta 1, saksofoni alto 1 iliyokuja kwa msaada, fidla yenye nyuzi mbili za katikati tu, kibodi inayofanya kazi stima ikiwepo, chapuo 2 (ngoma ndogo), vumi (ngoma kubwa ya sauti nzito), matwari 4 (ngoma bapa za mkononi) na utasi (sahani ya shaba ya kugonga). Juu ya hao nina waimbaji, na kijana mmoja ambaye ami yake ni mpiga zumo (zumari) wa kirumbizi, ile ngoma ya fimbo. Mwenyewe ameshaanza kuipuliza vizuri hata wazee wakasimama kumsikiliza.

Sasa fungua noti zozote za bendi za shule utakazozipata mtandaoni. Zinataka klarineti za kwanza, za pili na za tatu, trombone, honi, ngoma za kijeshi. Muhula uliopita nilijaribu kukikatakata kipande kimoja cha namna hiyo. Rekoda zote nikazipa sehemu ya filimbi kubwa, tarumbeta ikapata yake, na wale wa matwari hawakuandikiwa chochote, ikawa nawapungia mkono tu waingie wanapojisikia. Kijana wa utasi aliandikiwa akae kimya baa 32 (vipimo 32 vya mwendo), kisha apige mara moja. Alihesabu kwa adabu mpaka kama baa ya ishirini, akaweka utasi chini, akatoka kwenda kununua mabuyu nje ya lango. Alirudi mdomo mwekundu, wimbo umeisha.

Nimeamua kuandika kijitabu chetu wenyewe. Nyimbo sita au saba, za kwetu, ambazo mwalimu wa Faza, Siyu, Mokowe au Mpeketoni anaweza kuzichukua akazitumia na kundi lake, ambalo bila shaka halifanani na langu. Hapo ndipo naomba msaada. Mnagawaje sehemu ikiwa hujui nani atakuwepo? Mnaandika kwa noti za mistari mitano au kwa solfa, ile do re mi ya herufi? Na nyimbo zetu nyingi zina ladha ya kiarabu, zile sauti ambazo kibodi haina. Nifanye nini nazo? Na zumo nimweke wapi, maana ukimsikiliza kando ya rekoda utafikiri wamegombana.

---

Kibodi_Mtwapa

Mwalimu unajitesa. Chukua kibodi yenye midundo ndani, bonyeza mdundo wa chakacha, watoto waimbe juu yake. Majaji wa tamasha wanapenda sauti safi. Hivyo vyombo vingine wawe wanapiga nyumbani.

---

MwalimuLangoni

Ahsante Kibodi, ila kibodi yangu ni moja na watoto ni thelathini na kitu. Hao wengine wote watakuwa wanajifunza nini? Kubonyeza kwa macho?

---

BabuWaKayamba (Malindi)

Mwalimu Langoni, salamu kutoka Malindi. Nimestaafu, lakini nilifundisha muziki shule za msingi na za upili huku kwetu mpaka chaki ikanimaliza mapafu, na kabati langu lina noti nilizojiandikia kwa sababu hiyo hiyo yako. Acha nikujibu kwa marefu. Wajukuu wako shule na chai ipo.

Kwanza acha kuandikia vyombo. Andikia kazi. Katika ngoma yoyote ya huku pwani, iwe mwanzele ya Wagiriama au vugo la kina mama wa Lamu, ukiitazama vizuri utakuta kazi hazizidi nne. Kuna mwenye wimbo. Kuna wanaoitikia. Kuna anayeshikilia chini ili wimbo usipeperuke. Na kuna ngoma. Mimi naandika karatasi nne tu, za kazi hizo nne, halafu kila karatasi naitoa kwa sura tofauti kulingana na chombo kitakachoishika. Wimbo unaweza kushikwa na rekoda, fidla, tarumbeta au mtu mwenye koo. Msingi unaweza kuwa mkono wa kushoto wa kibodi, saksofoni, au wavulana wawili wanaoimba noti moja kwa "oo". Wazungu nao wanafanya hivi siku hizi. Wachapishaji wa Marekani na Uingereza wana noti za bendi zenye sehemu nne au tano zinazobadilishana vyombo, kwa sababu hata huko kuna shule za vijijini zenye tarumbeta moja na hamu nyingi. Lakini ngoma zao huandikwa kwa seti ya ngoma za Kizungu, ndiyo maana huwezi kuzinakili tu.

Kipimo changu ni kimoja: wimbo uweze kusimama akija mwenye wimbo na mwenye chapuo peke yao. Huyo wa utasi akiumwa, wimbo uendelee. Akija, wimbo unoge. Lakini akija, apewe kazi tangu baa ya kwanza! Mtoto asiandikiwe kimya cha baa 32 ila kama unamwandaa kuwa mlinzi wa usiku.

Sasa ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unasimamia. Hapa ndipo walimu wengi wanaumia, na ndipo ningekaa sana kama ningekuwa wewe. Tarumbeta yako ikipuliza C, sikio linapata B-flati (flati ni nusu sauti chini, shapu ni nusu sauti juu). Saksofoni alto ikipuliza C, sikio linapata E-flati. Kwa hivyo ukichagua ufunguo wa G kwa sababu rekoda zinaupenda, tarumbeta unaiandikia A yenye shapu tatu, na saksofoni unaiandikia E yenye shapu nne. Mtoto aliyeshika saksofoni miezi mitatu atakuangalia kama umemtukana. Chagua F. Tarumbeta inasoma G, shapu moja. Saksofoni inasoma D, shapu mbili. Rekoda ina B-flati moja tu ya kujifunza, ambayo ni kidole gumba, cha kwanza, cha tatu na cha nne. Wiki moja wameizoea. Fidla yako ya nyuzi mbili za katikati, D na A, ina noti zote za F kuanzia D ya chini mpaka E ya juu bila kuhama mkono. Mimi kijitabu kizima ningekiweka katika F na kusiwe na mjadala.

Sasa hilo la ladha ya kiarabu, sikiliza, maana hapa utafurahi. Si kila maqamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu, ina robo sauti, zile sauti zinazokaa katikati ya vibonyezo vya kibodi. Rasti na Bayati zinazo, na hizo waachie waimbaji na fidla, rekoda usizihangaishe. Lakini Hijazi, kwa sura yake ya kawaida, haina. Nahawandi haina. Kurdi haina. Ajamu ndiyo hiyo hiyo do re mi ya shuleni. Kwa hivyo nyimbo nyingi unazozisikia za harusi na kasida zinapigika kwenye kibodi na rekoda bila kuharibika, mradi umezichagua.

Na Hijazi kwa solfa ni hivi: m f se l t d r m. Unaanzia mi, unapandisha so iwe se, basi. Weka do yako kwenye F uone: A, B-flati, C-shapu, D, E, F, G, A. Yaani watoto wako waliojifunza wimbo wa Ajamu katika F wanaingia kwenye wimbo wa Hijazi kwa kubadilisha noti moja, C kuwa C-shapu. Do haihami. Karatasi haibadiliki. Mimi nilipoliona hilo nilikaa chini nikacheka peke yangu. Tarumbeta kidogo itatoka jasho kwa sababu itasoma D-shapu, lakini ni noti moja. Saksofoni usiibebeshe wimbo hapo. Ipe msingi, noti mbili tatu ndefu: F-shapu kwa A yenu, E kwa G, na B kwa D. Wavulana wa saksofoni wanapenda noti ndefu, wanajisikia watu wazima.

Solfa au mistari? Zote mbili, moja chini ya nyingine. Watoto wanaotoka kwaya za kanisa, kama wako wa Mpeketoni, wameizoea solfa tangu utotoni. Curwen, yule Mwingereza aliyeieneza karne ya 19, aliwatengenezea watu wanaoimba, na kwa kuimba hakuna kinachoishinda. Lakini solfa haimwambii mwenye tarumbeta abonyeze nini. Na mtoto anayetaka kuufanyia muziki mtihani wa mwisho wa sekondari atahitaji mistari. Andika mistari, chini yake solfa kwa herufi ndogo, na mwalimu mwenzako wa Faza atachagua jicho lake litulie wapi.

Jambo la mwisho kisha nikaongeze maji kwenye birika. Tamasha la muziki la shule lipo tangu 1927, na limetufanyia mengi mazuri, lakini limetuzoesha kuandika kwa ajili ya jaji mmoja aliyekaa mbele na kalamu. Matokeo yake noti zetu zina mwanzo wa mbwembwe na mwisho wa kelele, na katikati ya watoto thelathini, sita wanafanya kazi. Kijitabu chako kiandikie Jumatano mchana, darasa lina joto na watatu hawajaja.

---

MwanaWaTwari (Lamu)

Mwalimu, mimi si mwalimu wa shule, ni mpigaji tu wa hapa mtaani, lakini mwanangu yuko kwenye hilo kundi lako (simtaji, ataona haya).

Babu wa Malindi kasema kweli kuhusu kazi nne, ila ngoma zisiitwe kazi moja. Chapuo na vumi ni watu wawili wanaozungumza. Vumi ndiye anayesema maneno machache ya uzito, chapuo ndiye anayejaza. Ukiwaandikia karatasi moja watapiga pamoja kitu kimoja, na hapo ngoma imekufa, imebaki kelele. Waandikie mistari miwili iliyokaa pamoja, moja juu ya nyingine, kila mmoja amwone mwenzake anafanya nini.

Na usiandike kwa noti. Wana hawasomi ngoma kwa macho. Mimi nawafundisha kwa mdomo kwanza: DUM ni katikati ya ngozi, TA ni ukingoni, na pale pasipo na pigo nawaambia wavute pumzi kimya. Wanaitamka mpaka wanaitembelea, ndipo mikono inaruhusiwa kugusa ngozi. Andika hizo silabi kwa visanduku, visanduku 6 kwa baa ya chakacha, rangi nyeusi kwa DUM, mzunguko mtupu kwa TA. Mwalimu wa hesabu asiyejua muziki ataweza kulifundisha hilo. Na visanduku 6 vina siri yake: mwenye vumi akivigawa viwili viwili na mwenye chapuo akavigawa vitatu vitatu, ndiyo ile raha mtu anatikisika bila kujua kwa nini. Wape nafasi walisikie wenyewe, usiwaeleze sana.

Ngozi ipashwe moto kabla ya mazoezi. Upepo wa bahari ukiingia usiku, asubuhi twari linalia kama boksi. Liandike kwenye kijitabu, ukurasa wa kwanza kabisa, maana mwalimu mgeni kutoka bara atadhani ngoma mbovu.

Kuhusu zumo. Usimburute kwa rekoda. Zumo hageuki, kaumbwa na sauti yake. Mwambie kijana apulize ile noti yake ya kupumzikia, uipime kwa simu, zipo programu za bure za kupima sauti. Kama iko karibu na noti ya kundi, rekoda zivute vichwa nje kidogo zishuke, kibodi nyingi zina kitufe cha kusogeza sauti juu na chini, wote wamfuate yeye. Kama iko mbali, basi zumo apige na ngoma peke yao: afungue wimbo, aingie katikati wengine wakinyamaza, afunge. Hivyo ndivyo tunavyomheshimu hata barabarani. Akipiga zumo hakuna anayeshindana naye.

Na la mwisho, nakuomba kwa heshima. Chukua nyimbo za harusi, za kirumbizi, za vugo, za baharini. Zile za maulidi na dhikri ziache zilipo. Wazazi wengi hapa hawana neno na twari wala na sauti ya mtoto, lakini ukimwekea tarumbeta juu ya kasida ya kumsifu Mtume utapokea wageni ofisini kwa mwalimu mkuu, na watakuwa na haki yao.

---

MwalimuLangoni

Sheikh MwanaWaTwari, nimekuelewa na hilo la mwisho nilikuwa nimeshaliamua. Hata mimi nina mama mkwe. Vugo je? Nilifikiria kuweka wimbo mmoja wa vugo, wasichana wagonge pembe. Pembe ninazo nne, nilipewa na jirani.

---

MwanaWaTwari (Lamu)

Vugo ni la kina mama, mimi sina idhini ya kusema. Nenda kawaulize wenyewe. Lakini wataka, wanalalamika kila siku kuwa mabinti hawajui kugonga.

---

Zuhura_Nukta (Malindi)

Shikamoo Babu, shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu mpya wa shule ya sekondari ya chini, nafundisha Sanaa Bunifu na Michezo, yaani muziki, uchoraji na mbio za mita mia kwa pamoja. Nitasema upande wa kompyuta tu.

Tumieni MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia noti. Ni ya bure. Unaandika wimbo mara moja jinsi unavyosikika, halafu unaiambia hii ni tarumbeta ya B-flati, hii ni saksofoni ya E-flati, yenyewe inahamisha noti. Hesabu zote za Babu za G na D inazifanya kabla hujameza mate. Lakini bado muhimu uzijue, kwa sababu kompyuta itakuonyesha kwa rangi noti iliyo nje ya chombo, lakini haitakuonya kwamba ulichoandika kinamshinda mtoto anayeanza.

Solfa unaiandika sehemu ya mashairi, mstari wa pili. Visanduku vya ngoma nimejaribu humo, vinasumbua. Nilivichora kwenye jedwali la programu ya kawaida ya kuandikia barua na vikatoka vizuri zaidi.

Mambo ya karatasi ambayo hakuna aliyenifundisha chuoni. Karatasi ya mwanafunzi iwe ukurasa mmoja, asigeuze. Noti ziwe kubwa, rekoda mbili husomea karatasi moja. Weka herufi A, B, C kila sehemu mpya inapoanza, ili useme "tuanzie B" na si "tuanzie pale pale". Jina la wimbo, jina la kazi na ufunguo viwe juu kabisa, maana karatasi zikianguka zote zinafanana. Na vibanio vya nguo, nunueni dazeni. Mazoezi chini ya mwembe na upepo wa kusi bila vibanio ni riadha.

Nyingine: MuseScore inatoa sauti. Mimi natuma kila sehemu kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mara mbili, mwendo wa polepole na mwendo wenyewe. Mtoto asiye na simu anasikiliza ya mamake wakati mama anapika. Kuna mzazi aliniambia anauimba msingi wa saksofoni akiwa sokoni, hajui hata umetoka wapi.

Na tafadhali Mwalimu, kabla hujachapisha, angalia wimbo ni wa nani. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Nyimbo za taarabu tunazozidhania za zamani, nyingi watunzi wao walikuwa hai juzi. Na hizi zisizo na mtunzi nazo zina wenyewe: tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa asilia na sanaa za kijamii, na inataka jamii ikubali. Kwa hiyo hilo la kuwauliza kina mama wa vugo si adabu tu. Andika kwenye kijitabu wimbo umeupata mtaa gani na nani amekuruhusu.

---

BabuWaKayamba (Malindi)

Marahaba Zuhura. Hiyo ya mwisho nilitaka kuisema nikasahau kwa ajili ya chai. Wagiriama wenzangu wana nyimbo ambazo kuziimba nje ya mahali pake ni kutafuta maneno. Kifudu, kwa mfano, siyo ya kupelekwa jukwaani na watoto wenye soksi nyeupe.

Kuhusu kompyuta, sawa, lakini mwalimu, kabla ya kuandika chochote humo, imba kila sehemu mwenyewe kwa sauti, hata ya msingi. Ikikuchosha wewe, itamchosha mtoto.

---

MwalimuLangoni

Nimechukua daftari, nimeandika kila kitu. Babu, hilo la do kutohama nimelijaribu jana jioni na rekoda nne. Nilianza na wimbo wa mawimbi tunaoimba darasani, wa Ajamu, kisha nikawaambia tu "C zote sasa ni C-shapu, na tuanzie A." Msichana mmoja akaondoa rekoda mdomoni akasema, "Mwalimu, hii ni ya harusini!" Wengine wakaendelea kupuliza bila kumngoja.

Swali moja limebaki. Wavulana. Nina saba ambao sauti zao ziko safarini. Leo tenori, kesho besi, Alhamisi hakuna kitu. Wakiimba na wasichana wanapasuka, wakishuka chini hawafiki. Mmoja ameanza kujifanya anaimba, midomo inatembea tu. Niwaandikie nini?

---

BabuWaKayamba (Malindi)

Hao waandikie mwitikio, na waandikie ndani ya noti nne: C ya kati, D, E na F. Hakuna zaidi. Sauti inayobadilika mara nyingi bado ina eneo dogo hapo katikati, takriban A iliyo chini ya C ya kati mpaka E au F iliyo juu yake, hata wakati juu na chini kumevurugika. Katika F yetu hizo noti nne ni s l t d, so la ti do, na mwitikio wowote wa pwani unaweza kukaa humo. Kwenye Hijazi wape D, E na F, na A ya chini kwa wanaoifikia. C waiache, maana hapo imeshakuwa shapu na itawayumbisha. Waweke pamoja, wasichanganywe na wasichana, wasimame karibu na vumi. Mvulana anayesimama karibu na vumi haoni haya.

Na usiwaite besi wala tenori. Mimi nilikuwa nawaita "waitikiaji", na nilimpa huyo anayetembeza midomo kazi ya kuanzisha. Yeye ndiye anatoa neno la kwanza la mwitikio peke yake, kwa kusema, si kwa kuimba, wenzake wanapokea kwa noti. Baada ya wiki chache huwa anaimba bila mtu kumwambia.

Kila muhula wapime upya. Mwite mmoja mmoja, acha mlango wazi, aimbe "Habari za asubuhi" pale anapopenda mwenyewe, wewe tafuta kwenye kibodi ameangukia wapi. Dakika moja kwa mtoto.

---

Kibodi_Mtwapa

Nimesoma yote. Nafuta maneno yangu kidogo tu. Lakini huo mdundo wa chakacha kwenye kibodi bado ni mzuri kwa mazoezi ya mwendo, msidharau.

---

MwanaWaTwari (Lamu)

Ule mdundo wa kibodi si chakacha, ndugu yangu. Siku ukija Lamu nitakusikilizisha.

---

MwalimuLangoni

Ahsanteni nyote. Kina mama wa vugo nimewaona leo baada ya alasiri. Wamekubali, kwa sharti kwamba waje wenyewe kuwafundisha wasichana kugonga, na kwamba maneno mawili ya ubeti wa tatu yasiandikwe, yabaki ya watu wazima. Nimekubali haraka kabla sijayauliza.

Wimbo wa kwanza nitauweka hapa karatasi zikiwa tayari: wimbo, mwitikio, msingi, na visanduku vya chapuo na vumi. Mwenye kundi lisilofanana na langu aujaribu, aniambie ulivunjikia wapi. Nataka hasa shule isiyo na rekoda kabisa, na shule yenye rekoda tupu.

Na kuna jambo dogo. Saksofoni ilikuja na ulimi mmoja tu wa mdomoni na umepasuka ncha. Nahitaji wa alto, namba 2, maana mtoto ndiyo anaanza. Hapa kisiwani nimezunguka hata kwenye duka la vifaa vya mashua.

---

BabuWaKayamba (Malindi)

Namba 2 ninazo tatu kwenye kabati, hazijafunguliwa. Nitampa kondakta wa basi la Mokowe Ijumaa asubuhi, kwenye bahasha yenye jina la shule. Tuma mtu jetini. Na mwambie mtoto aulowanishe mdomoni kabla ya kuufunga, na akimaliza autoe aufute, asiuache ndani ya chombo na chumvi hiyo ya kwenu.